Kambale wa Nani?

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa vita ya kwanza, ile iliyomwangusha rais wetu wa zamani, tulimpoteza mdogo wangu Kambale. Askari waliokuwa wanakimbia vita walipita kwetu Butembo wakichukua kila walichokiona. Mizigo ikawa mingi kuliko mabega yao, kwa hiyo waliwakamata vijana barabarani ili wawabebee. Kambale alikuwa ametoka kununua sabuni. Jirani mmoja alimwona akipanda kilima cha njia ya Beni na cherehani ya mtu kichwani. Wengine waliochukuliwa pamoja naye walirudi, mmoja leo, mwingine kesho, miguu imevimba. Yeye hakurudi.

Mwanangu, nakuandikia haya nikiwa mzee, na maneno makubwa sina. Nilimaliza shule ya msingi nikaishia hapo. Lakini naikumbuka vizuri safari niliyoifanya kwa ajili yake, ndani ya treni, na neno nililoambiwa humo na mwanamke mmoja mwenye umri. Nataka ulichukue neno hilo mimi nikiwa bado nina nguvu za kuliandika.

Kwanza nikueleze jambo la majina yetu, maana siku hizi watoto wengi wanakulia mbali. Kwetu sisi Wanande jina humtangulia mtoto. Msichana wa kwanza ni Masika, kama mimi. Mvulana wa pili ni Kambale. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake. Ukisimama katikati ya soko ukaita Kambale, wanaume wengi wataacha kupima maharagi wakugeukie. Kwa hiyo mtu akikuletea habari za Kambale, unamwuliza papo hapo: Kambale wa nani? Hatufundishwi kuuliza hivyo. Tunakua na swali hilo, kama vile tunavyojua kuvuka matope bila kuteleza.

Na desturi nyingine. Mtu akipotea bila mwili wake kuonekana, familia haiwezi kulia ikamaliza. Hakuna siku ya kuanza msiba wala siku ya kuufunga kwa kunyoa vichwa. Mama yangu alikuwa ameacha kwenda shambani. Nywele zake zilikuwa zimeota ovyo, na mchana kutwa alikaa akitazama njia. Njia iliyopo kwetu ni kukata kipande cha mgomba, kukifunga nguo ya yule aliyepotea, na kukizika kama mtu. Papa, baba yetu, alikuwa amekwisha kuuchagua mgomba nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, "Papa, tukimuzika naye iko muzima, tutakuwa tumemuua sisi wenyewe." Akarudisha panga ndani. Mgomba ukabaki umesimama.

Ndipo alipokuja yule mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa ametoka Uganda, akasimama mlangoni petu kwa sababu watu walimwambia hapa kuna mama anayesubiri.

"Kuko Kambale moya wa huku kwetu, kule Kampala, ku gare, pale treni zinasimamaka," alisema. "Basoda balimubebesha mizigo mpaka karibu na Kasindi, akabatoroka. Sasa anabebaka magunia. Kijana murefu, hapana kusema sana."

Murefu. Hapana kusema sana. Mama alisimama bila kushika ukuta. Mimi nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, nikaingia chumbani kufunga kitenge changu. Nilipotoka nilimwona Papa amefungua kinywa kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Alimtazama Mama. Akakifunga kinywa chake.

Mwanangu, kwetu hakuna reli. Kuna barabara, na barabara yenyewe wakati wa mvua ni mto wa matope mekundu. Nilipanda lori mpaka Beni, lingine mpaka Kasindi, nikavuka mpaka kwa miguu, nikafika Kasese. Hapo ndipo nilipoiona treni kwa mara ya kwanza, nikaona kama mtaa mzima wa nyumba ndogo umefungwa kamba tayari kuhamishwa. Ilitakiwa iwe imeondoka jana yake. Hakuna aliyekasirika. Watu walikuwa wamelala juu ya mizigo yao, wanawake wanapika chai kwenye mafiga kando ya reli, na fundi mmoja alikuwa amelala chali chini ya injini, tunamwona viatu tu.

Nilikata tikiti ya daraja la tatu. Benchi zilikuwa za mbao, zimelainishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Dirisha la upande wangu halikufungika, la upande wa pili halikufunguka. Chooni mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Nilikaa kati ya kikapu cha samaki wakavu na mwanamke mzee aliyekuwa amepakata chumvi ya Katwe ndani ya gunia, kama mtu anayepakata mjukuu. Alikuwa Mukonzo, kabila la upande ule wa mpaka. Kikonzo chake na Kinande chetu ni kitu kimoja, kwa hiyo tulielewana tangu salamu. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

Treni ilipoanza kusogea, mwanamke mmoja alikimbia kando ya behewa akiwa na chakula kilichofungwa kwenye majani ya mgomba. "Bwambale! Bwambale! Umesahau chakula!" Upande wao Kambale huitwa Bwambale. Wanaume wa behewa letu walitoa vichwa nje, karibu kila dirisha kichwa kimoja, na mikono ikanyooshwa. Kile chakula kikaangukia mikono ya kwanza iliyokuwa karibu. Mwenye mikono alikaa, akafungua, akanusa.

"Hii hapana ya bibi yako," mwingine, mume wa yule mwanamke, alimwambia kwa hasira kutoka nyuma. "Ile njo bibi yangu!"

"Aliita Bwambale. Mi njo Bwambale tangu kuzaliwa."

"Lete hapa, mwizi!"

"Kuya tukule wote, ndugu yangu. Bibi yako anapika muzuri, lakini anarusha mubaya."

Behewa zima lilicheka. Hata yule mwenye hasira alicheka mwishoni, akaja, wakala pamoja. Mimi pia nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka machozi, wala sikufikiri lolote.

Mkaguzi wa tikiti alipita, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha kambini. Alimsimamia mwanamume mmoja aliyekuwa na kuku chini ya koti. "Hii kuku iko na tikiti?" Yule akajibu, "Mukubwa, hii iko mugonjwa, naipeleka hospitali." Mkaguzi alimtazama kuku kwa muda, akamwambia kuku apone, akapita.

Halafu joto likaja, na usingizi. Nataka kukueleza jinsi ilivyokuwa, lakini ni vigumu kueleza. Milima yetu ilibaki nyuma, ya buluu, ikawa kama moshi. Tambarare ikafunguka, nyasi za rangi ya simba, swala wamesimama wakitazama treni kama watu wanaotazama harusi ya wageni. Magurudumu yaligonga reli kwa mpigo uleule, na mpigo ule ukaingia mwilini mwangu ukawa jina. Kambale, Kambale, Kambale. Nilikuwa macho na sikuwa macho. Nilimwona amekaa juu ya kila kilima, juu ya kila mfuko. Nilimwona akishuka kituo tulichopita bila kusimama. Mara nyingine nilikuwa mtoto, naye amefungwa mgongoni mwangu, na ule mtikiso wa treni ulikuwa mimi nikimbembeleza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala sijui kama ni halali kuiita furaha.

Baada ya Kamwenge treni ilisimama katikati ya bwawa la mafunjo. Injini ilikuwa imechoka. Kimya kikaingia kwa madirisha pamoja na mbu. Watu walishuka kunyoosha miguu juu ya reli. Mama wa chumvi alimenya ndizi mbivu, akanipa nusu.

"Sasa, mutoto wangu, unaenda kuona nani?"

Nikamweleza yote, haraka, kwa kiburi kidogo, kama mtu anayeonyesha nguo mpya. Alisikiliza akitafuna.

"Kambale wa nani?" akauliza.

"Wa kwetu. Mudogo wangu."

"Huyo wako nimemusikia. Nauliza yule wa ku gare. Mutu wa kahawa alisema ni Kambale wa nani?"

Mafunjo yalikuwa yanatikisika bila upepo. Nakumbuka hilo. Nakumbuka pia ladha ya ndizi, ilivyogeuka kuwa kama pamba mdomoni. Hatukuuliza. Nyumba nzima ya Wanande, baba, mama na mimi, hatukuuliza swali ambalo mtoto wa miaka sita huliuliza. Sasa nikakielewa kinywa cha Papa kilivyofunguka na kufungwa.

Nilisimama nikaanza kushusha mzigo wangu. Nilimwambia nitatembea mpaka kituo kilichopita, ningoje treni ya kurudi.

"Kaa chini," alisema.

"Koko," nilisema, kama mtu anayemwita nyanya yake, "hapana yeye. Najua sasa. Hapana yeye."

"Labda njo yeye, labda hapana. Kaa chini, unakanyaga chumvi yangu." Nikakaa. Hakunipapasa wala hakunipa pole. Uso wake ulikuwa mkali, kama wa mtu anayemfundisha mtoto kushika jembe. "Tangu Kasese unalala hapa na meno nje, unacheka peke yako. Nikasema huyu anaenda kuolewa. Kumbe ulikuwa unakula tamu yote mbele ya kufika. Sasa umeona chungu kidogo, unataka kushuka. Sikiliza. Kule kuko mutu anangoya. Basoda balimubebesha mizigo, hapana mama, hapana ndugu. Hata kama hapana wako, iko wa mutu. Utashuka umuache?"

Nikausukuma mzigo wangu tena chini ya benchi. Injini ilikohoa, watu wakapanda mbio, tukaendelea. Tulilala humo humo kwenye mbao, kichwa chake begani mwangu, mvua ikituingilia kwa lile dirisha. Asubuhi alishuka Mityana, kwa binti yake aliyekuwa amejifungua. Aliagana nami kwa kunipiga kofi dogo mgongoni, kama mtu anayesukuma ng'ombe avuke.

Sehemu iliyobaki ya safari sikuota tena. Nilitazama nje nikaona migomba ni migomba, na vilima ni vilima.

Kampala, kwenye ghala za mizigo, nilimwuliza mpagazi wa kwanza niliyemwona. Akaweka mikono mdomoni akaita kwa sauti: "Kambale! Ba kwenu bamekuya!" Na kutoka gizani mwa ghala akatoka kijana mrefu anakimbia. Alikuwa amebeba unga siku nzima. Unga ulikuwa usoni, kwenye kope, kwenye nywele, mweupe wote, na kwa muda wa hatua zake zile alikuwa mdogo wangu. Naapa mbele ya Mungu, alikuwa yeye. Halafu akajifuta uso kwa mkono.

Yeye naye alisimama. Alikuwa anatafuta uso wa mwingine kwenye uso wangu.

"Weye hapana dada yangu Kavira," alisema.

"Na weye hapana Kambale."

"Mi njo Kambale," akasema, taratibu, kama anayeomba msamaha.

Miguu yangu ilitaka kugeuka. Sitakudanganya, mwanangu, nilimchukia kijana yule kwa kuwa hai. Chuki hiyo ilipita haraka, lakini ilipita ndani yangu, nami niliiona. Ndipo nikamwuliza, nimechelewa nchi nzima, "Weye Kambale wa nani?"

Akaniambia jina la baba yake. Akaniambia nyumba yao iko Beni, mtaa wa Beu, upande wa soko, mama yake anauza mafuta ya mawese. Akauliza kama nimepita Beni, kama soko lilichomwa. Tulikaa juu ya magunia. Nikafungua chakula nilichokuwa nimepikiwa kwa ajili ya mdogo wangu, mihogo na karanga, Mama alikuwa ameziponda mwenyewe. Alikula chote. Nilimwuliza kama barabarani alimwona kijana mwenye cherehani kichwani. Nilimwona anatamani kunipa kitu.

"Tulikuwa bengi, dada Masika," alisema. "Siwezi kukudanganya. Tulikuwa tunaangalia chini."

Katika mzigo wangu kulikuwa na pulova ya mdogo wangu, maana nilifikiri Kampala ni baridi kama Butembo. Kijana alikuwa na shati lililopasuka. Nilitaka kumpa. Mkono ulikataa. Sikumpa.

Hakurudi nami, aliogopa bunduki za njiani na wale waliokuwa wakikusanya vijana kwa vita. Alinituma neno tu kwa mama yake: anakula, analala mahali pakavu, bado anasali.

Njia ya kurudi treni haikuchelewa hata kidogo. Ningependa ichelewe. Nilikaa na wanajeshi waliokuwa likizo na mama mmoja mwenye mapacha. Mapacha walilia mpaka Kamwenge, na mimi niliwabeba kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

Beni nilishuka kwenye lori, nikauliza njia ya Beu, nikafika kwenye nyumba yenye mapipa ya mafuta. Mama aliyenifungulia alikuwa amenyolewa kichwa, nywele zimeanza kuota kama kivuli. Nikajua. Walikuwa wamekwisha kumzika Kambale wao. Nilimwambia mlangoni papo hapo kwamba mwanawe yuko hai, sikuwa na namna ya kuzunguka.

Alinishika mikono yote miwili. "Ulimuona na macho yako?"

"Nilimuona, mama. Alikula chakula mbele yangu."

"Alikula nini?"

"Mihogo na karanga."

"Karanga hapana kupenda," alisema.

"Alikula zote."

Hapo akaanza kulia na kucheka, akaita watu. Mumewe alitoka ndani. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akafukua. Kile kipande cha mgomba kilikuwa kimeoza, kimejaa maji. Alikitupa bondeni kwa nguvu, na watoto wa jirani wakapiga makofi bila kujua sababu.

Nami nikapanda lori la Butembo. Papa alikuwa amesimama barabarani. Alitazama nyuma yangu, akaona ni mimi peke yangu ninayeshuka. Hakuniuliza. Kesho yake aliukata mgomba, tukaufunga ile pulova, na padri wetu, ambaye hakuipenda desturi hiyo, alikuja akasali kwa kirefu kuliko tulivyotazamia.

Mwanangu, sasa nakuambia niliyotaka kukuambia. Habari njema ikifika mlangoni kwako, hasa siku hizi ambapo inafika kwa simu usiku na mchana, fulani ameonekana huku, fulani yuko kule, iulize swali lake kwanza. Uliza wa nani, wa wapi, nani kamwona. Kuuliza siyo kukosa imani. Mimi ningemwuliza yule mtu wa kahawa, Mama asingesimama bure siku ile. Lakini ikiwa umekwisha kuondoka, ukagundua katikati ya bwawa kwamba labda unaenda bure, usishuke. Endelea mpaka mwisho wa reli umwone huyo aliyeko. Atakuumiza kwa kutokuwa wako. Mwulize jina la baba yake hata hivyo, na ulipeleke nyumbani kwao. Nchi yetu imejaa watu wanaongoja watu, na si wote wenye nauli.

Mungu akutangulie katika kila njia utakayopita, akupe jirani mkweli kwenye benchi, na yule unayemtafuta akutafute naye. Na kama hatapatikana, Mungu akupe mtu wa kukaa nawe.

Sisi tulipewa. Siku ya kufunga msiba, asubuhi, lori la mbao lilishusha mwanamke ambaye nywele zake bado zilikuwa fupi. Mama wa Beu. Alikuwa ameuliza nyumba yetu kwa jina la baba yangu, nililomwachia Beni. Aliwasalimu wazee, akakaa mkekani karibu na Mama. Muda wa kunyoa ulipofika, shangazi yangu alishika wembe, maana kazi ile ni ya ndugu. Mama wa Beu alinyoosha mkono. Shangazi alimtazama, akampa.

Alikilowesha kichwa cha Mama kwa maji ya vuguvugu, akaanza nyuma ya sikio, pole pole, akifuta wembe kwenye goti lake. Alipofika utosini, Mama alisinzia. Kichwa chake kilishuka kwenye kiganja cha yule mwanamke. Mama wa Beu aliuweka wembe chini, akakishika kile kichwa, nusu kimenyolewa na nusu bado, akangoja.